Faili la Vinginevyo

Mwezi wa Machi 2020, skuli zilipofungwa kwa ajili ya korona, nilibaki nyumbani Mwembetanga bila ya wanafunzi wa kuwafundisha kompyuta, na hivyo sikuwa tena na kisingizio cha kutoishughulikia kaseti ya ami. Kaseti yenyewe ilikuwa nakala ya nakala: wimbo mmoja wa taarab uliorekodiwa katika studio ya redio pale Rahaleo katika miaka ya 1970, wakati ami alipokuwa mpiga fidla katika chama kimoja cha hapa Unguja. Nyumbani kwetu hakuna aliyeutaja kwa jina lake. Ulikuwa ni "wimbo wa ami", kwa sababu baina ya ubeti wa pili na wa tatu vyombo vyote vinarudi nyuma na fidla moja peke yake inamjibu mwimbaji, na sote, kuanzia marehemu bibi hadi wajukuu, tulijua kwamba fidla ile ni yake.

Nilikuwa na mpango wangu. Binti yake wa mwisho alikuwa aolewe Mfunguo Mosi, nami nilitaka kuichomoa sauti ya mwimbaji pamoja na fidla ile, niziwekee chini yake mdundo mpya wa kinanda, na bibi harusi aingie ukumbini kwa fidla ya baba yake iliyopigwa upya kwa mtindo wa taarab ya kisasa. Wazo hili nililiona zuri mno, kiasi kwamba sikumwambia mtu.

Nilipokuwa nikiihamishia kaseti kwenye kompyuta, ami alikuwa barazani na mimi ndani, dirisha likiwa wazi. Wimbo haujafika hata kwenye ubeti wa kwanza akaniita. "Mwanangu, kanda yako inakimbia. Sisi hatukupiga juu namna hiyo." Nilipoirudisha chini kidogo kidogo, kila mara nikimuuliza kupitia dirishani, alikataa mara nne na kukubali ya tano, na nilipopima nikakuta kwamba kaseti ilikuwa imepanda karibu nusu sauti nzima. Mzee huyu wa miaka sabini na kitu hakuwa ameshika fidla kwa muda mrefu, kwani baridi yabisi ilikwisha kumkaza vidole, lakini sikio lilikuwa pale pale.

Nilichotaka kukifanya kisingewezekana miaka michache kabla ya hapo. Muziki wetu wa zamani haukurekodiwa kwa kila chombo kuwekwa katika mkondo wake. Tangu Siti binti Saad aliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kuimba katika santuri, mpaka enzi za kina ami, watu walikaa chumba kimoja, wakapiga pamoja mbele ya maikrofoni chache, na kilichoingia kwenye kanda ndicho hicho. Aliyekaa mbali akasikika mbali. Kumtoa mwimbaji humo baadaye ilikuwa kama kutaka kulitoa tui ndani ya mchuzi na kulirudisha kwenye nazi yake.

Lakini mnamo Novemba 2019 kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilikuwa imetoa bure programu iitwayo Spleeter, ambayo mtu yeyote mwenye kompyuta na subira aliweza kuitumia. Inafanya kazi kwa kuugeuza wimbo kuwa picha: wakati unakwenda upande, sauti nyembamba ziko juu na nene chini, na rangi inaonyesha ukubwa wa sauti. Programu imekwisha kufunzwa kwa nyimbo nyingi ambazo sehemu zake zinajulikana, hata ikawa na uwezo wa kukisia, kwa kila nukta ya picha ile, ni kiasi gani cha sauti hiyo ni cha mwimbaji na kiasi gani ni cha ngoma. Ninasema kukisia kwa makusudi. Haifungui mafundo, inakisia yalivyofungwa.

Mwishowe inakupa mafaili manne: mwimbaji, dramu, besi, na la nne ambalo kwa Kiswahili ningeliita "vinginevyo". Mafungu haya yanafaa kwa bendi ya pop. Kwa chama cha taarab yana kichekesho chake, kwani ganuni (kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa na kudonolewa), udi, akodiani, nai, selo na safu nzima ya fidla, yaani karibu kila kilichoifanya taarab iitwe taarab, vyote vilitupwa katika faili hilo la nne. Nilijaribu pia namna ya mafungu matano, ambayo inaongeza piano, na ganuni ikakatwa vipande: nusu ikahesabiwa kuwa piano na nusu ikabaki katika vinginevyo. Dumbak nayo, mapigo yake mazito ya katikati yaliingia kwenye dramu, na yale makali ya ukingoni yakapotea njia. Rika, lile tari dogo, sikuiona popote. Kwa upande mwingine, upungufu wa programu ile wa kutogusa sauti zilizo juu ya kilohezi 11 haukutudhuru chochote, maana katika kaseti yetu huko juu hamkuwa na kitu ila mvumo.

Hata hivyo, nilipofungua faili la mwimbaji usiku ule, nimevaa spika za masikioni, niliinuka kitini. Bibi yule alikuwa amefariki kabla sijazaliwa, na sasa alikuwa akiimba peke yake, pumzi zake zikisikika baina ya mishororo, ingawa kila alipofika juu sauti ilitia majimaji kidogo, kama mtu anayeimba ndani ya mtungi. Miaka mitatu baadaye, Novemba 2023, dunia ilishangaa The Beatles walipotoa wimbo wao wa mwisho kwa kuichambua sauti ya John Lennon kutoka kwenye kaseti aliyoirekodi nyumbani kwake. Mimi nilishangaa pia, lakini kwa kijicho kidogo: wao walikuwa na mtu mmoja na piano, na sisi tulikuwa na ukumbi mzima.

Kuhusu mdundo wangu wa kinanda sitasema mengi. Kinanda kinahesabu sawasawa na wazee wale hawakuhesabu hivyo. Walimsubiri mwimbaji amalize neno lake, kisha wakaingia. Zaidi ya hayo, wimbo ulikuwa katika makamu ya rasti, yaani mojawapo ya mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, ambayo sauti yake ya tatu imekaa baina ya vitufe viwili vya kinanda, kwa hivyo kila nilipobonyeza chochote nilikuwa nimekosea juu au nimekosea chini. Nilipomuuliza ami, bila ya kumwambia kwa nini, akodiani ilifanyaje siku zile, alicheka akasema kwamba mpigaji wao alikuwa akiikwepa sauti hiyo kama mtu anayekwepa dimbwi.

Jambo lililonifanya nimwite ndani lilikuwa jingine. Nilipofika kwenye kile kipande maarufu, baina ya ubeti wa pili na wa tatu, nilitarajia fidla iwe katika vinginevyo pamoja na wenzake. Haikuwamo. Ilikuwa katika faili la mwimbaji, nzima, safi, ikimjibu bibi yule kana kwamba ni mtu wa pili anayeimba. Programu ilikuwa imedanganyika. Fidla moja inayotikisa na kuteleza katika kimo kile kile cha sauti ya mwanamke, ikirudia maneno yake bila maneno, kwa programu ile ilikuwa ni mwimbaji tu. Nililiona kosa hili kuwa ni sifa kubwa kuliko zote ambazo ami amewahi kupewa, na nikaona haifai nimsubirishe mpaka harusi.

Alikaa kwenye kiti changu, nikamvisha spika za masikioni, nikamfungulia. Alimsikiliza mwimbaji amefumba macho na kutikisa kichwa. Fidla ilipoingia alifumbua macho. Akaniashiria nirudishe. Nikarudisha. Akaniashiria tena, na safari hii alikuwa ameunyanyua mkono wake wa kushoto mbele ya uso, akivisogeza vidole hewani kadiri vilivyoweza.

"Huyu si mimi," akasema.

Nilidhani anatania. Akanionyesha kidole chake cha mwisho, ambacho sote tunakijua kwamba kimepinda tangu alipovunjika akiwa mtoto. Mwishoni mwa kipande kile, akanieleza, kuna mtikiso wa haraka ambao hauwezi kupigwa ila kwa kidole hicho, na yeye hajawahi kuwa nacho. Miaka yote tulipousikiliza wimbo, mtikiso ule ulikuwa umefunikwa na ganuni, tukadhani ni ganuni. Ganuni ilipoondolewa, ulibaki juu ya fidla, waziwazi kama jino la dhahabu.

Alikaa kimya kitambo, kisha akaanza kukumbuka kwa mpangilio. Aliyepiga ni rafiki yake waliyekaa safu moja, ambaye muda mfupi baada ya kurekodi alihamia Maskati na hakurudi tena. Baada ya kuondoka kwake, kipande kile alipewa ami, naye akakipiga kwa namna yake, bila ya mtikiso, katika maharusi na kumbi kwa miaka mingi, hadi watu wote, na yeye mwenyewe miongoni mwao, wakakihesabu kuwa ni chake tangu mwanzo. Hakusema uongo hata siku moja. Alisahau tu, na wimbo ukawa unamsaidia kusahau.

Mpango wangu wa harusi ukafa papo hapo, na sikuulilia. Ami alitaka jambo moja tu: kipande kile kifike kwa mtoto wa marehemu rafiki yake, aliyeko Maskati bado. Nambari tuliipata siku ya pili kwa kupitia jamaa wa Kikwajuni, nikakituma kwa WhatsApp, nusu dakika ya fidla na bibi yule, bila ya maelezo isipokuwa jina la baba yake na neno "huyu".

Jioni ile ile ami alirudi chumbani kwangu bila ya kuitwa. Alitaka kujua basi yeye yuko wapi. Nikamfungulia vinginevyo, kwa sababu kama alikuwamo popote, alikuwa humo, katika fidla nne au tano za nyuma ambazo programu haina namna ya kuzitenga moja na nyingine. Alisikiliza akigonga meza kwa kidole: hapa tunashuka, hapa tunangoja, hapa mimi naingia na upinde wa juu. Nikakaza masikio kila alipogonga. Nilisikia nyuzi nyingi zikitembea pamoja, basi.

"Umenisikia?" akaniuliza.

Nikamwambia kweli, kwamba sikumsikia.

"Ungenisikia, mwalimu wetu wa chama angenifukuza," akasema, akaniambia niurudishe wimbo mwanzo, wote, kama ulivyokuwa.