Pata potea

Ile fimbo fupi ya kumalizia shimo kwenye gofu, sisi tuliokulia kwenye ukedi, kazi ya kuwabebea wachezaji mifuko, tunaiita pata. Jina zuri kwa mwenye kupata. Mimi kwa miaka kadhaa nilikuwa nayo kama wale vijana wa karata tatu kule stendi: leo mpira umeingia, kesho umepita pembeni, na siku zote mbili nisingeweza kukwambia kwa nini.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, upepo wa kusi ukivuma tangu asubuhi, nilikuwa nacheza na bwana mmoja wa bandarini. Tumewekeana chai na mahamri ya watu wanne. Uwanja wetu ni wa mashimo 9, uko kando ya bahari hapa kisiwani Mombasa, kwa hiyo ukitaka 18 unauzunguka mara mbili. Tumefika shimo la mwisho tuko sawa. Yeye keshamaliza kwa mikwaju 5, mimi nimebakiwa na futi 3 nimalize kwa 4. Futi 3 ni sentimita 91, basi. Meli ya makontena ilikuwa inaingia Kilindini, wenzangu wameigeukia, hakuna hata mmoja aliyeona haja ya kunitazama. Nikapiga. Mpira ukapita kulia kwa shimo, haukugusa hata mdomo wake, ukaenda ukasimama upande wa pili. Nikaurudia, nikaukosa tena. Kulia tena.

Mahamri hayakuniuma. Kilichoniuma ni kwamba kazi yangu ni kupanga vigae. Nalipwa kwa ajili ya mstari ulionyooka. Usiku ule sikulala, nikachukua kalamu. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108 dunia nzima, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 5.4. Ili mpira wa futi 3 upite nje kabisa, uso wa pata, ule upande unaogonga mpira, lazima uwe umekosea kwa digrii 3 na kitu. Digrii 3 kwenye ukuta wa mita 4 ni sentimita 21! Fundi akikupangia vigae vikafika mwisho wa ukuta vimepotoka sentimita 21, humlipi. Unamwita mjumbe wa mtaa.

Kuna mzee wetu pale, kedi wa zamani, ndiye aliyenifunza kubeba mfuko nikiwa na miaka 13. Yeye alianzia bara, kwenye viwanja ambavyo grini zake, yaani pale palipolainishwa kuzunguka shimo, hazikuwa za nyasi bali mchanga uliochanganywa na mafuta, na mchezaji alisawazisha njia ya mpira kwanza ndipo apige. Mtu aliyelelewa hivyo njia anaiona. Jumatatu yake nikamwendea.

"Shikamoo mzee. Mikono yangu ina ugonjwa."

"Marahaba. Mikono yako mizima. Umesimama vibaya."

"Mzee, mpira unapigwa kwa mikono."

"Haya, endelea kuitibu."

Nilikuwa nimeshaitibu sana. Nimebadilisha mpini, nikaweka mnene. Nimegeuza mkono wa kushoto ukawa chini. Nilijifariji kwa habari za Bernhard Langer, Mjerumani aliyeshinda Masters, yale mashindano makubwa ya gofu, mwaka 1985 na tena 1993, ambaye mikono ilimsaliti kwenye mipira mifupi kama hiyo hiyo, akabadili namna ya kushika pata si mara moja. Nikajiambia huu ni ugonjwa wa wakubwa. Kumbe wangu ni wa mtu asiyejua skwea, na skwea, kile kipimo cha pembe ya digrii 90, iko kwenye sanduku lake la kazi.

Jioni ile nilichukua rula yangu ya chuma ya mita moja, upana wake sentimita 3, nikailaza sakafuni sebuleni. Mwanzoni mwake nikagonga ncha ya msumari mara moja, pakabonyea kidogo tu, ili mpira utulie usijiviringe wenyewe. Zoezi lenyewe halina siri: unapiga mpira utembee juu ya rula hadi mwisho. Ukifika, basi uso wa pata ulikosea kwa chini ya digrii 1. Ukianguka njiani, ulikoangukia panakwambia umekosea kiasi gani na upande gani. Hakuna kubishana, na hakuna kusingizia upepo.

Wa kwanza ulianguka kulia kabla ya sentimita 30. Hiyo ni karibu digrii 3, ile ile ya Jumamosi. Wa pili kulia. Wa tatu kulia. Binti yangu wa miaka tisa, aliyekuwa akifanya kazi ya shule mezani, akaanza kuhesabu bila kuombwa: "Baba, saba zimeanguka." Katika ishirini, mmoja ulifika mwisho, na huo nadhani ulisukumwa na huruma.

Sasa, laiti ningeishia hapo ningejifunza kudanganya. Maana baada ya siku tatu hivi nilianza kufikisha mipira 8, 10, 11 katika 20, na nikijua kabisa ninachofanya: nakunja kiwiko kidogo pale mwishoni ili kuuvuta mpira kushoto. Kosa la kwanza linalipwa kwa kosa la pili. Nyumbani linakubali. Mbele ya watu, na mahamri mezani, kosa moja linakuja na lingine linasahau kuja.

Kilichoniokoa ni sakafu. Vigae vya sebuleni kwangu ni vya 60 kwa 60, nilivipanga mwenyewe, na mistari ya grauti, ile saruji ya kuziba kati ya vigae, inapokutana inafanya msalaba ambao niko tayari kuuapia. Niliisogeza rula ikafuata mstari mmoja, halafu nikaweka uso wa pata ulale sawasawa na mstari unaoukata. Yaani skwea kamili, bila mpira. Kisha nikasimama kama ninavyosimama kila siku, nikatazama chini.

Nikaona pata imegeukia kushoto.

Haikuwa imegeuka. Nilipiga magoti nikaiangalia, nikaweka skwea yenyewe, ile ya kazini. Sawa kabisa. Nikasimama tena: kushoto. Basi nikaigeuza mpaka macho yangu yakaridhika, nikapiga magoti nikapima, ikawa imefunguka kulia. Miaka yote nilikuwa nikilenga nje ya shimo kabla mikono haijafanya lolote, na mikono, maskini, ilikuwa inatukanwa bure.

Kioo cha kujitazama kilifuata. Vinauzwa vya kiwandani, vimechorwa mistari vizuri, vina matundu ya kuchomekea vijiti. Mimi nilikwenda kwa fundi vioo Mwembe Tayari nikaomba kipande chakavu, akanikatia urefu wa sentimita 30 na kunisugulia kingo. Nikachora mstari mmoja mrefu na mwingine wa kuukata. Unakilaza chini, mpira unakaa juu ya mstari, unatazama: macho yako unayaona mle ndani. Yangu yalikuwa ng'ambo ya mpira, yaani nimeuinamia mpaka nimeupita, na bega la kulia limetangulia mbele kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Mzee alisema nimesimama vibaya. Hakusema zaidi kwa sababu sikumuuliza zaidi.

Nilirudi nyuma kiasi cha vidole viwili, macho yakatua juu ya mstari. Bega likarudi. Na ile pata iliyokuwa "imegeukia kushoto" ikaanza, taratibu, kuonekana imenyooka. Taratibu ni wiki tatu. Wiki ya kwanza kila mpira niliona kama naupeleka kwa jirani, na rula inanijibu hapana, huo umefika. Ilibidi niamini chuma kuliko macho, jambo ambalo kazini nalifanya kila siku na pima maji bila kufikiria.

Mwendo wa pata nao ulinisumbua, ila si sana. Nilikuwa narudisha nyuma polepole halafu nagonga kwa pupa. Wanaojua husema kurudi nyuma huchukua kama mara mbili ya muda wa kuja mbele kuukuta mpira. Nilipakua programu ya kugonga midundo kwenye simu, mama watoto akaomba niizime kabla hajaizima yeye. Nikapata tiba nyingine: nasema moyoni "Likoni", kule kwenye feri yetu. "Liko" pata inakwenda nyuma, "ni" inagusa mpira. Feri yenyewe haijawahi kushika mwendo namna hiyo.

Mwisho wa mwezi wa nane nilikuwa nafikisha 17, 18 katika 20. Nikarudi uwanjani kifua mbele. Na hapo nikaaibika upya.

Mipira ilikuwa inaondoka imenyooka, hilo kila mtu aliliona. Lakini mfupi unafia njiani, mrefu unapita kama basi la usiku. Sakafu yangu ni bapa na rula ni ya mita moja, haikunifunza nguvu hata kidogo. Na grini ina mteremko, na nyasi zetu za pwani zina ulalo: ukipiga kuelekea zilikolala mpira unateleza, ukipiga kinyume unasikia kama mtu ameushika. Vifaa hivi vinajibu swali moja tu, mpira umeanza safari upande uliotaka au la. Mimi nilikuwa nimelifanya swali hilo kuwa mtihani mzima.

Kwa hiyo sasa naugawa muda. Nyumbani, mipira 10 juu ya rula na 10 bila rula kwenye zulia, kwa zamu, kwa sababu nikikaa na rula mfululizo najikuta napiga kwa ajili ya rula. Klabuni kabla ya kuanza, nachomeka vijiti viwili vya tii, vile vya kuinulia mpira wa kwanza, mbele ya mpira, kama sentimita 30, vikiacha nafasi ya sentimita 5. Mpira una kipenyo cha milimita 42.67 kwa uchache wa sheria, kwa hiyo mlango huo unabakiza milimita tatu na kitu kila upande. Napitisha mipira 10 hapo. Halafu nang'oa vijiti, na dakika zote zilizobaki napiga mipira mirefu bila kulenga shimo, nalenga ukingo wa grini, nikitaka usimame pale pale kabla ya majani marefu. Hilo zoezi la mwisho halina kifaa. Ndilo linalonichosha.

Vijiti na kioo vinabaki nje mchezo ukianza, tafadhali. Kanuni ya 4.3 ya gofu haina mchezo: ukitumia kifaa cha kujifunzia kulengea katikati ya raundi, kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju unaongezewa 2, ukirudia unaondolewa. Mstari uliochora juu ya mpira wako mwenyewe unaruhusiwa, nami ninao, wa kalamu ile ile niliyochorea kioo.

Yule bwana wa bandarini tumeshacheza mara nne tangu hapo. Nimeshinda mbili. Moja ilikuwa ya futi 4 shimo lile lile la mwisho, nikasema "Likoni" kwa sauti bila kujua, akanigeukia akauliza kuna nini huko Likoni. Mpira ulikuwa umeshaingia.

Mzee nilimpelekea kioo akione. Alijiangalia meno kwanza, kisha akakirudisha. "Kizuri," akasema. "Sasa kimekwambia nini ambacho mimi sikukwambia?" Sikuwa na jibu la heshima.

Leo asubuhi nimefika Nyali kwenye kazi ya bafu mbili, mwenye nyumba amesimama anasubiri nianze kupima, nafungua sanduku: rula hakuna. Nimempigia binti yangu simu. Iko chini ya kochi, anasema, na mpira bado uko juu yake, haujaanguka.