Kurudi kwa Daktari Zhivago: anza na kitabu

Filamu ya David Lean ya mwaka 1965 huchukua zaidi ya saa tatu, na wengi huishia hapo. Anza na riwaya ya Boris Pasternak, iliyotoka Italia mwaka 1957 na kuchapishwa Urusi mwaka 1988 tu. Kinachokwamisha wasomaji ni majina: Yuri Andreyevich, Yura na Zhivago ni mtu mmoja, Antipov ndiye Strelnikov. Yaandike kwenye karatasi, uiweke ndani ya kitabu.

Usiruke mashairi 25 ya mwishoni! Ndiyo moyo wa kitabu. Mshumaa wa dirishani unaoyeyusha kiduara kwenye barafu ya kioo, Yuri anauona akipita usiku. Miaka baadaye unarudi ndani ya shairi.

Filamu ilipigwa zaidi Hispania, na barafu ya nyumba ya mashambani ya Varykino ni nta. Inapendeza mno, lakini kifo kimebadilishwa. Filamuni, Yuri anashuka kwenye tramu akimkimbilia Lara, mwanamke anayempenda. Kitabuni hamwoni: pumzi inambana katika tramu inayoharibika kila mara, anapenya umati, anaanguka barabarani.