Namna nilivyonyoosha marobota ya mabua ya mpunga: uzoefu wangu na uma wa kulishia, Igunga

Mashine yetu ya kufungia marobota hukokotwa na trekta, ni ya aina ile inayotoa robota dogo la pembe nne lenye kamba mbili, na ilitufikia Igunga ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi kwingine kufunga nyasi za kuotesha, nene na nzito. Mimi na shemeji yangu tuliinunua kwa ajili ya mabua ya mpunga. Yeyote aliyepita ukanda wa Wembere baada ya mavuno anajua jinsi mabua yanavyochomwa moto au kukanyagwa bure, ilhali ikifika Septemba na Oktoba ng'ombe wa vijiji hivyo hivyo wanakonda kwa kukosa cha kutafuna. Kabla ya hapo tulikuwa tukitumia sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, lile la sentimita 85 kwa 55 kwa 45, ambalo mtu hujaza majani, huyashindilia kwa miguu, kisha huyafunga kwa kamba. Sanduku hutoa robota zuri la kilo 20 hivi, lakini kwa mabua ya ekari nyingi halitoshi.

Mashine ilifunga tangu siku ya kwanza, mafundo yalishika na kamba haikukatika ovyo. Tatizo lilikuwa umbo. Kila robota lilitoka limepinda, upande wa kulia umevimba na wa kushoto umebonyea, na vijana wetu wa kupakia wakayaita pinde. Anayenunua robota moja la kumpa ndama hajali sana, lakini sisi tulikuwa tunapakia Fuso kwenda Nzega na Tabora mjini, na mzigo wa pinde haupangiki: tabaka la tatu linaanza kuteleza, kamba za turubai hazikazi, na gari linabeba hewa nyingi kuliko mabua. Mfanyabiashara mmoja aliniambia kwa upole, "Bwana mdogo, mabua yako sina neno nayo, ila siwezi kulipia nafasi tupu."

Fundi wa kwanza tuliyemwita alikaza springi zilizo nyuma ya chumba cha kushindilia, zile zinazobana reli ili robota lipate taabu kutoka na hivyo liwe gumu. Ushauri huo nimeusikia kwa watu wengi, na una mantiki yake, kwa kuwa robota laini hupoteza umbo haraka. Hata hivyo, springi hizo hubana kilichokwisha ingia chumbani. Hazina uwezo wa kukigawa upya. Kama upande mmoja wa chumba umepata mabua mengi na mwingine machache, kukaza springi hukuongezea uzito na kuuacha mpindo pale pale. Kwetu yalitokea hayo hasa, na zaidi ya hayo kamba ya katani ya upande wa kulia ikaanza kukatika, maana ndiyo iliyobeba msukumo wote huku mwenzake wa kushoto akining'inia kiasi cha mtu kupitisha mkono chini yake. (Kuna aliyetushauri tuhamie kamba ya plastiki. Nilikataa, na bado nakataa, kwa sababu vipande vyake hubaki kwenye mabua na ng'ombe huvimeza.)

Nilifungua robota moja chini ya mti na kulitandua kipande kwa kipande. Robota la namna hii ni mkusanyiko wa vipande vyembamba vilivyosimama kwa safu, kila kimoja kikiwa ni kazi ya pigo moja la pistoni. Vipande vya robota letu vilikuwa na umbo la kabari: vinene kulia, vyembamba kushoto, na kwenye pembe za kushoto baadhi yake havikufika kabisa. Hapo nikajua kwamba jambo la kutazamwa ni njia ambayo mabua hupita kabla pistoni haijayagusa.

Njia yenyewe ni hii. Ngoma yenye meno ya springi huokota mabua chini na kuyapandisha kwenye meza iliyo upande wa kulia wa mashine. Juu ya meza hiyo huenda na kurudi uma wa kulishia, yaani boriti yenye meno marefu, ambao huyasukuma mabua kutoka kulia kuyaingiza chumbani kupitia dirisha la pembeni, kila mara pistoni inaporudi nyuma na kuliacha dirisha wazi. Kisha uma hujiondoa, pistoni huja, kisu kilichofungwa ubavuni mwake hukutana na kisu kisichosogea kwenye ukingo wa dirisha, mabua yanayoning'inia hukatwa, na kipande kipya hushindiliwa juu ya vilivyotangulia. Trekta likiizungusha shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu za injini ya trekta kwenye mashine, mizunguko 540 kwa dakika, pistoni za mashine hizi hupiga mara 80 hadi 100 kwa dakika, kutegemea muundo. Muundo wa mashine za aina hii ni wa zamani. Kampuni ya New Holland ya Pennsylvania ilianza mwaka 1940 kuuza mashine ya Edwin Nolt iliyookota majani shambani na kuyafunga yenyewe kwa kamba. Zipo pia zile ambazo chumba chake kimekaa katikati, nyuma ya trekta moja kwa moja, na mabua huingizwa kutoka chini kwa upana wote wa chumba kwa pamoja. Hizo hazisumbuki sana na mpindo. Yetu hulishwa kwa ubavu, na chumba kinacholishwa kwa ubavu huuliza swali lile lile kila pigo: je, mabua yamefika ukuta wa mbali?

Jibu liko kwenye meno ya uma, ambayo kwenye mashine yetu hayakuchomelewa. Jino la ndani, lile lililo karibu zaidi na chumba, limeshikwa na bolti kwenye boriti yenye matundu kadhaa, na linaweza kusogezwa kuelekea chumbani au kurudishwa nyuma. Kanuni yake ni rahisi, ingawa mara ya kwanza huonekana kama kinyume. Majani mazito yaliyoshikamana husukumana yenyewe, hivyo jino likiwa nyuma kidogo bado mzigo utafika ng'ambo. Likiwa mbele mno, majani hayo hurundikana kwenye ukuta wa kushoto. Majani mepesi na mafupi hayana nguvu ya kusukumana, huangukia mlangoni tu, kwa hiyo jino lazima liingie ndani zaidi kuyasindikiza. Mashine yetu ilikuwa imepangwa kwa nyasi nzito, nasi tulikuwa tunailisha mabua mepesi yanayoteleza.

Kabla ya kugusa bolti yoyote nilizima trekta, nikatoa ufunguo na kuuweka mfukoni mwangu, nikasubiri gurudumu zito la mashine lisimame lenyewe, kwa kuwa gurudumu hilo huendelea kuzunguka na kuiendesha pistoni hata injini ikiwa kimya, ndipo nikachomoa shafti. Nililisogeza jino tundu moja kuelekea chumbani. Kisha nikaligeuza gurudumu kwa mkono, polepole, kwa mwelekeo wake wa kawaida, shemeji akiwa amesimama mbali akichungulia, hadi mzunguko mzima ukakamilika. Tulikuwa tunatazama mambo mawili: ncha ya jino isiguse ukuta wa mbali, na uma uwe umekwisha kutoka chumbani kabla pistoni haijafika dirishani. Anayeruka hatua hii ataisikia hesabu yake kwa sauti ya chuma kuvunjika. Kama uma unachelewa kutoka, kusogeza jino si dawa. Mnyororo au gia za uma zitakuwa zimehama kwenye alama zake, na hizo lazima zirudishwe kwanza.

Tulifunga mstari mfupi, tukatazama, tukaongeza tundu jingine. Mpindo ulipungua waziwazi na kamba zote mbili zikaanza kutoa sauti inayofanana zikigongwa kwa kidole. Ni hapo tu nilipozirudia springi na kuzilegeza kidogo, kwa kuwa mabua yalipoenea chumba kizima hatukuhitaji tena ule ubanaji wa kulazimisha.

Lakini mpunga wa Igunga hauvunwi kwa namna moja, na hapa ndipo nilipopata kazi halisi. Kwenye mashamba makubwa hupita kombaini, ambayo huacha mabua yaliyovunjika, mafupi, yaliyochanganyika na makapi, yamelala kwa mstari mwembamba. Kwenye majaruba ya wakulima wadogo mpunga hukatwa kwa mundu na kupigwa kwa mkono. Mabua yake ni marefu, yamenyooka, yamelala upande mmoja, na yanabaki rundo mahali pa kupigia. Mashine haiwezi kuvuka matuta ya majaruba, hivyo tunayabeba mabua hayo hadi mahali tambarare na kuyatandaza upya kwa mistari. Vijana huyatandaza kwa ukarimu, mstari unakuwa mnene, na mpangilio uliofaa mabua ya kombaini huyasukuma haya yote kushoto. Siku ya kwanza ya mabua ya majaruba pinde zilirudi, safari hii zimeinama upande wa pili.

Kwa hiyo sina mpangilio mmoja. Nimepaka rangi nyeupe kwenye tundu la mabua ya kombaini na nyekundu kwenye tundu la mabua marefu, na anayeendesha huangalia ni mzigo gani ulio mbele yake kabla hajaanza. Kuna wanaoona kubadili bolti kila tunapohama shamba ni kupoteza muda. Mimi nawaambia wahesabu muda wanaopoteza kupakia upya gari lililomwaga mzigo.

Uma, hata ukipangwa vizuri, hugawa kile tu ulicholetewa. Mstari mwembamba mno humfanya dereva kuona robota linachelewa, naye huongeza mwendo. Mabua hufika mezani kwa mafungu, pigo moja likipata mengi na jingine likipata hewa. Tulianza kukusanya mistari miwili ya kombaini kuwa mmoja kwa reki, na hilo peke yake lilisaidia karibu sawa na jino lenyewe. Mwendo wa trekta tunaupima kwa robota: robota la sentimita 90 likiwa na vipande 14 hadi 18, kila kimoja ni cha sentimita 5 au 6 hivi, na hapo mapigo yanalingana. Vipande vikiwa vichache na vinene, dereva anakwenda mbio. Akitaka kupunguza mwendo ashushe gia, asipunguze mafuta, kwa sababu akipunguza mafuta shafti nayo hushuka chini ya 540, pistoni na uma hupunguza kasi pamoja, na mabua hujaa mezani.

Ardhi yetu nayo ina neno. Udongo wa mbuga ukikauka hupasuka na kutoa madonge magumu, na meno ya kuokota yakishushwa hadi kugusa chini huyapandisha madonge hayo mezani, ambako hulemaza meno ya uma na kunyang'anya kisu makali. Tunayaacha meno yaelee sentimita mbili tatu juu ya ardhi, na mabua yanayobaki tunawaachia mbuzi. Kisu chenyewe hutaka kunolewa mara nyingi kuliko kilivyotaka kwa mmiliki wa kwanza, kwa kuwa mabua ya mpunga yana silika nyingi, yaani madini yale yale ya mchanga, ambayo husugua chuma. Kisu butu huvuta mabua badala ya kuyakata, ubavu wa kulia wa robota hutoka na manyoya marefu, na mtu asipotazama vizuri atadhani ni uma ulioharibika.

Asubuhi za Juni na Julai hatuanzi mapema. Umande huyafanya mabua kuwa mazito na yenye kushikamana, hivyo robota linalotoka saa mbili na lile la saa sita mchana hayafanani hata jino likiwa tundu lile lile. Isitoshe, majani yenye unyevu unaozidi asilimia 20 huota ukungu ghalani. Tunasubiri hadi mabua yakauke, na muda huo wa kusubiri ndio wa kupaka grisi na kukagua bolti za uma, ambazo hulegea kwa mtikisiko.

Lililobaki kutusumbua ni marundo. Mara kwa mara kijana hutandaza fungu nene katikati ya mstari, uma hukwama, na bolti ya usalama hukatika, kama ilivyokusudiwa. Tunabeba bolti za akiba za ugumu ule ule, kwa kuwa aliyeweka ngumu zaidi ili zisikatike ameihamishia hasara kwenye boriti. Na lipo sharti moja ambalo sijadiliani na mtu juu yake, awe mdogo wangu au mzee wa kijiji aliyekuja kutazama: hakuna anayesukuma mabua kwa mguu au kwa mkono kuelekea ngoma ya kuokota wakati shafti inazunguka. Rundo likikwama, trekta huzimwa kwanza, ufunguo hutolewa, gurudumu zito husubiriwa lisimame, ndipo mabua huchomolewa.