Nusu ya Methali

Nilikwenda kwenye ile warsha ya kuchora kwa sababu mbili: ilikuwa ya bure, na mama alikuwa amenikataza maandamano.

Ilikuwa Juni 2020, nina miaka 19. George Floyd alikuwa ameuawa Mei 25 pale Minneapolis, Marekani, kwenye makutano ya barabara ya 38 na Chicago, polisi kampigia goti shingoni kwa zaidi ya dakika tisa. Mama alifanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, korona ikiwamaliza wale wazee mmoja mmoja. Kila akitoka, onyo ni lile lile: "Sikukutoa Kisauni nije nikuzike huku."

Kuchora hakukutaja.

Nyuma ya kanisa kulikuwa na meza za kukunja na vijana weusi kama kumi na watano, barakoa usoni. Mwalimu, mama wa makamo mwenye wino uliokaukia kwenye kucha, alitupitishia nakala za gazeti la Black Panther, kile chama cha zamani cha kupigania haki za weusi wa Marekani, lile lililouzwa senti 25, lenye michoro ya msanii wao Emory Douglas. Hakutuhutubia. Alitaka tuone unene wa mistari tu: mtu akipita na gari, aisome. Kisha akatugawia visu, karatasi na fremu zenye wavu mwembamba wa kupitishia wino.

Mie nikaamua kutengeneza kanga. Nikamweleza pindo la pembeni, mji wa katikati, na jina, yaani yale maneno. Jina ndilo lililomkamata, kwamba kwetu mwanamke humjibu jirani kwa nguo bila kufungua mdomo. Akacheka. "Kumbe nyie mabango mnavaa."

Nikaandika MNYONGE MNYONGENI HAKI YAKE MPENI. Nilichotaka mimi ni lile neno haki, sikufikiri zaidi. Kazi ilikuwa kukata. Kila A iliangusha pembetatu yake ya ndani, kila O ikatoa jicho, mpaka nilipofundishwa kuacha vijidaraja vya karatasi. Halafu nikaupitisha mpira wa kusukumia wino mara mbili badala ya moja, herufi zikatoka na vivuli. Nikakibeba kile kitambaa hivyo hivyo nyumbani.

Mama alikikuta kitini alfajiri, hata viatu hajavua.

"Umeandika nini hapa?"

"Methali, mama. Ya haki."

"Hebu nisomee."

Nilipofika kwenye mnyongeni nikajisikia mwenyewe.

"Mtu kakabwa shingo mchana kweupe mpaka kafa, nawe wawaambia watu wamnyonge?"

Maana yake naijua: hata ukimdharau mtu, kilicho chake mpe. Lakini nguo haisimami kujieleza. Mama akaikunja katikati, nusu ya kwanza ikafichika chini. "Hii iliyobaki yatosha," akasema, akaenda kulala.

Jumamosi iliyofuata nikakata upya: HAKI YAKE MPENI. Matundu matatu tu, A mbili na P. Pindo nikalitia jeusi. Mpira nikaupitisha mara moja.

Sikutegemea mama angekuja. Alikuja na sare yake ya kazini, tukaifunga ile kanga kwenye uzio pale makutano, juu ya maua yaliyoanza kunyauka. Watu walipouliza maana, aliwajibu kwa kile Kiingereza anachowasemeshea wazee wake, taratibu, neno kwa neno.

Akasimama mzee mmoja mwenye kofia ya besiboli. Midomo ikamcheza.

"Mnyonge..." akaanza kwa sauti, jinsi yeyote kati yetu angeanza. Akaitazama picha ya Floyd, akaacha hapo hapo.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia bila kunitazama.

"Mwatoka wapi?" akamuuliza mama.

"Mombasa. Nawe?"

"Tanga."

Akaona upande mmoja wa kanga umelegea. Akaifungua ile kamba, akaifunga tena, fundo mbili.