Kabla hujafuta ibdata1, soma logi

Alhamisi saa tatu na robo usiku stima ilipotea hapa Umoja nikiwa katikati ya kuingiza michango ya chama chetu. Pampu ya maji ya ploti ilinyamaza na skrini ikawa nyeusi wakati mmoja. Laptopu yangu ni ya mtumba, niliinunua Luthuli Avenue miaka mitatu iliyopita, na betri yake ilishakufa. Chaja ikikosa stima, nayo inazima papo hapo.

Stima ilirudi karibu saa tano. Nikafungua paneli ya XAMPP, programu inayoendesha seva ya tovuti na hifadhidata kwenye laptopu yangu, nikawasha Apache, seva ya tovuti: kijani. Nikawasha MySQL, hifadhidata inayotunza michango: kijani kwa sekunde mbili hivi, kisha rangi ikatoka na chini yakaja maandishi mekundu kwamba MySQL imezima bila kutarajiwa, huenda poti imezibwa, huenda kuna kitu kinakosekana, huenda ni ruhusa, huenda imeanguka. Nikabonyeza tena mara nne. Ni yale yale.

Nilianza na poti, yaani namba ya mlango ambao programu hupokelea mawasiliano, kwa sababu ndiyo iliyotajwa kwanza. Nikaandika netstat -ano, amri inayoonyesha poti zinazotumika, nikatafuta 3306, ambayo ndiyo poti ya kawaida ya MySQL. Hakuna aliyeikalia. Nusu saa ikaenda hapo.

Nikampigia binamu yangu ambaye naye hutengeneza tovuti. Akaniambia, "Dada, futa tu lile faili la ibdata1 halafu uwashe. Itajitengeneza yenyewe." Nikamwambia, "Ngoja kwanza, humu ndani mna pesa za watu." Simlaumu. Ushauri huo umezagaa kila mahali, na ndio umenifanya niandike haya.

Tuelewane kuhusu ibdata1. Ukifungua folda ya C:\xampp\mysql\data utaona kila hifadhidata ina folda yake, na ndani yake kila jedwali lina faili lenye mwisho wa .ibd. Mtu anaweza kudhani data yote imo humo. Lakini daftari linaloiambia InnoDB, injini inayotunza majedwali hayo, kwamba jedwali hili lipo na faili lake ni lile linakaa ndani ya ibdata1. Ukilifuta, seva inaweza kuwaka kweli. Itatengeneza ibdata1 jipya, tupu, na paneli itakuwa kijani. Kijani hicho ndicho kinachowaponza watu. Utafungua jedwali lako uambiwe halipo, ilhali faili lake unaliona kwa macho yako kwenye folda. Na kama ulifuta bila kuweka nakala, umeshaingia kwenye kazi ya kuokoa jedwali moja moja, kama litaokoka.

Kwa hiyo kabla sijagusa chochote nilinakili folda nzima ya data nikaiweka kwenye flashi. Megabaiti mia moja themanini na kitu, dakika chache tu. Hata kama ungefanya kosa kubwa kiasi gani baada ya hapo, una pa kurudia.

Ndipo nikafungua logi, faili ambamo seva huandika kila linaloipata. Faili linaitwa mysql_error.log, limo ndani ya folda ile ile ya data. Ni refu na linachosha macho, hasa saa sita ya usiku, lakini usisome mstari wa mwisho peke yake. Huo husema tu kwamba seva imeacha kazi. Tafuta saa uliyobonyeza kitufe, kisha shuka hadi ERROR ya kwanza. Zile zinazofuata mara nyingi ni watoto wa hiyo ya kwanza.

Kwangu mistari ya InnoDB ilikuwa shwari. Ilisema inaanza kujirekebisha baada ya kuanguka, na ikamaliza. ERROR ya kwanza ilikuwa ya Aria, injini nyingine ya kutunza majedwali: imeshindwa kujirekebisha, endesha aria_chk -r kwenye majedwali yote ya Aria, kisha ufute mafaili ya aria_log.

Nilisoma mistari hiyo mara tatu nikashusha pumzi. Kitufe cha XAMPP kimeandikwa MySQL, lakini seva iliyo ndani ni MariaDB, na tangu toleo la 10.4 majedwali ya mfumo wenyewe, yale ya watumiaji na ruhusa zao, hutunzwa na Aria. Michango ya chama ilikuwa InnoDB. Yaani pesa zilikuwa salama sandukuni, aliyeumia ni bawabu. Na mimi nilikuwa karibu kuvunja sanduku! (Majina haya yana watoto wa kweli nyuma yake: Michael Widenius aliita MySQL kwa jina la binti yake My, na MariaDB kwa la mdogo wake, Maria. Aria nayo iliitwa Maria hapo mwanzo.)

Nikafungua dirisha la amri nikaingia C:\xampp\mysql\data, nikaendesha ..\bin\aria_chk -r mysql\db, kisha global_priv, kisha majedwali mengine yote ya Aria, yaani yenye faili la .MAI, moja baada ya jingine. Kisha mafaili yote ya aria_log nikayahamishia folda nyingine. Sikuyafuta. Nikabonyeza kitufe.

Kijani, na mara hii kilikaa. Hata hivyo sikukiamini mpaka nilipofungua jedwali la michango. Mistari 412. Wa mwisho ulikuwa shilingi 500 za mama mmoja anayeuza nguo Gikomba, mwanachama ambaye hajawahi kukosa wiki hata moja. Aliyemfuata, niliyekuwa nikimwandika stima ilipopotea, hakuwamo, na hilo ni sawa kwa sababu sikuwa nimebonyeza kuhifadhi.

Kabla ya kulala niliandika mysqldump -u root chama > chama.sql, amri inayotoa nakala ya hifadhidata nzima, nikaweka faili hilo kwenye flashi na jingine kwenye barua pepe yangu. Sasa nafanya hivyo kila ninapomaliza kuingiza michango, halafu nazima MySQL kwa kitufe chake kabla ya kuchomoa chaja. Jumamosi naenda Luthuli kuulizia betri.