Tangi Lililozinduliwa Bila Maji

Julai 2016 wageni kumi na wawili kutoka kanisa moja la Marekani walikaa siku kumi na mbili kwenye mtaa wetu wa kanisa, Wilaya ya Chamwino, Dodoma. Mimi nilikuwa mkalimani na mtunza stoo. Kazi ilikuwa tangi la saruji na wavu, lita 20,000, la kukinga maji ya bati la kanisa.

Lilikuwa tangi la pili. La kwanza lilijengwa miaka miwili nyuma na kundi jingine, likajazwa kwa boza siku ya tano baada ya plasta kwa sababu siku ya sita wageni walikuwa na ndege. Lita elfu ishirini ni tani ishirini, na saruji ya siku tano bado changa. Likapasuka pale ukuta unapokutana na sakafu, ambapo maji husukuma kwa nguvu zaidi. Tangu hapo tulihifadhia alizeti. Panya walilipenda.

Kwa hiyo safari hii halmashauri ya kanisa ilikaa Novemba, miezi minane kabla ya wageni kufika. Wenzetu wa Marekani walikuwa wamependekeza kuja kupaka kanisa rangi. Wazee wakajibu kwa barua kwamba rangi haina haraka, shida ni maji. Makubaliano yakaandikwa kurasa mbili: sisi tutatoa mawe, mchanga lori mbili, chakula na nguvu za watu, wao watanunua saruji mifuko 28, nondo, waya wa BRC (wavu mzito wa chuma wa ujenzi), wavu wa kuku na magata ya kukusanya maji ya bati, na watalipa mafundi wawili na vibarua wanne ujira uleule unaolipwa kijijini. Fedha ziliingia kwenye akaunti ya kanisa miezi miwili kabla, risiti zikatunzwa kwenye faili moja. Kipengele kilicholeta mjadala mrefu kilisema mgeni hachukui nafasi ya kibarua. Tulikiweka kwa sababu mwaka ule wa tangi la kwanza vijana wetu walikaa chini ya mbuyu wakitazama watu wengine wakibeba zege. Vipengele vingine vilipita haraka: hakuna kugawa mitumba wala dawa, hakuna kumpiga mtoto picha bila mzazi kukubali, na kila mgeni aje na kibali kinachomruhusu kazi, maana viza ya matembezi hairuhusu hata kazi ya kujitolea.

Wageni walipofika, msingi ulikuwa umeshamwagwa wiki nzima: zege la saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne, unene sentimita 10, kipenyo mita 4.2, na akina mama walikuwa wakiulowesha kila siku. Kizimba cha BRC nacho kilisimama, kipenyo mita 3.6, kimo mita 2, kimezungushiwa wavu wa kuku mara mbili na kufungwa kwa waya. Ndani kilishonewa magunia ili plasta ipate pa kuegemea. Wageni wawili walinong'ona kwamba hawakuachiwa kitu cha kujenga. Walibakishiwa siku ngumu kuliko zote, siku ya plasta, ila hawakujua.

Plasta ya nje hupigwa mzunguko mzima kwa siku moja. Ukiacha nusu ukamalizia kesho, pale jana na leo zinapokutana ndipo maji yatakapotokea. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, baada ya sala fupi sana. Fundi alimwomba Mchungaji aifupishe, na kwetu jambo hilo si dogo. Tatizo la Dodoma mwezi wa saba ni upepo zaidi ya jua. Unanyonya maji ya plasta kabla haijashika, halafu nyufa nyembamba zinatokea kama nywele. Kwa hiyo maturubai yalifungwa upande wa upepo tangu jana yake.

Mchanga wa korongoni ulikuwa umechekechwa na kupimwa kwa chupa: unatia mchanga na maji, unatikisa, unaacha utuame, kisha unatazama tope lililokaa juu. Lori la kwanza lilikataliwa kwa tope. Vipimo vilikuwa ndoo moja ya saruji kwa ndoo tatu za mchanga, maji nusu ndoo na kidogo. Ukifinya plasta kiganjani ibaki bonge bila kuchuruza.

Kosa lilitokea hapohapo kwenye maji. Plasta kavu ni nzito kwa koleo, na kijana mmoja mgeni, mwenye moyo wa kazi kweli, akawa anaongeza kopo la maji kila mchanganyiko ili iwe laini. Saa mbili na nusu plasta ikaanza kuteleza kwenye wavu na kuanguka chini. Fundi alisimamisha kazi, akaagiza karai tatu zimwagwe. Kijana akawa mwekundu. Nilitafsiri maneno ya Fundi kama yalivyo, bila kuyapaka sukari: maji yanayozidi yanakauka na kuacha vitundu, na vitundu vinavuja. Tangu hapo maji yakawa ya kibarua mmoja tu, na yule kijana akawekwa chini yake. Mpaka saa sita mzunguko ulikuwa umefungwa.

Jambo ambalo hatukulipiga hesabu ni idadi ya watu. Kwenye tangi la kipenyo hicho wapiga plasta wanne wanatosha. Wa tano anagongana na mwenzake. Wanaochanganya na kubeba labda sita. Wageni walikuwa kumi na wawili. Waliobaki walienda wawili wawili na wazee wa kanisa nyumbani kwa watu, wakasalimia Kigogo kwa "mbukwenyi" yao iliyopinda, wakakaa na kubangua karanga mpaka jioni. Mwanzoni walidhani wamenyimwa kazi. Kwa maoni yangu hao ndio waliofanya kilichowaleta. Mikono tunayo, nauli zao zingejenga matangi mengine kadhaa. Kama safari ina maana, maana yake iko kwenye kile kibao cha kubangulia karanga.

Kesho yake magunia yalitolewa, plasta ya ndani ikapigwa na niru, uji wa saruji wa kuziba vitundu, juu yake siku hiyohiyo. Ukuta ukawa sentimita tano.

Siku mbili kabla ya kuondoka, kiongozi wao aliuliza kama boza lingeweza kuitwa. Waliochanga kule kwao walikuwa wanasubiri picha ya maji yakitoka bombani. Nikatafsiri. Fundi hakupandisha sauti.

"Mwambie mgeni wetu, hiki bado kichanga. Kichanga hatukibebeshi gunia."

Mama mwenyekiti wa Umoja wa akina mama wa kanisa akadakia: "Wapigwe picha wakimwagilia. Nayo si kazi?"

Ikawa hivyo. Mchungaji aliliombea tangi likiwa tupu, kila mgeni akamwaga ndoo moja ukutani, picha ikapigwa.

Walipoondoka, kazi iliyobaki ilikuwa ya akina mama: siku 21, ndoo nne asubuhi, nne mchana, nne jioni, juu ya magunia yaliyofunika ukuta. Ni zaidi ya lita 5,000, na makisio mengi ya matangi husahau kununua maji hayo. Makisio yetu yalikuwa nayo, kwa sababu mama mhazini alikataa kutia sahihi mpaka yaandikwe. Baada ya hapo tulibakiza kina cha sentimita 10 ndani, maana tangi likikaa kavu mpaka msimu wa mvua linajipasua lenyewe.

Mvua ilifika Desemba. Ya kwanza tuliigeuzia nje, ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Baada ya mvua ya tatu mwinjilisti alizunguka ukuta akipapasa kwa kiganja, kisha akachovya fito yenye alama. Nikatuma ujumbe Marekani: sentimita 40, ukuta mkavu. Jibu la kwanza lilitoka kwa yule kijana wa kopo. Aliuliza ni lita ngapi. Nikamwandikia kila sentimita ni kama lita mia, apige hesabu mwenyewe.