Likizo yangu ya kung'oa karoti Lushoto

Kazi yangu ni huduma kwa wateja, ile ya kupokea simu, hedseti kichwani kutwa nzima, na nyingi ni za mtu katuma hela namba siyo, anataka irudi sasa hivi na mwenye namba kashaitoa. Unatukanwa halafu unasema asante kwa kutupigia. Mwaka jana ilifika mahali mama ananipigia napokea nasema "karibu huduma kwa wateja", mama kimya kidogo, halafu ananiuliza mwanangu uko sawa kweli?

Sio kwamba nilikua sichukui likizo. Sheria ya ajira ya 2004 hapa Bongo inampa mwajiriwa siku 28 mfululizo na mshahara wake (sikukuu ikiangukia humo inahesabiwa humohumo, yani ukichukua Julai Saba Saba yako imeliwa), ila siku hizo kwetu zina wenyewe. Mara vikao vya harusi, mara msiba, mara fundi wa nyumba anapiga simu saruji imeisha, unarudi ofisini umechoka kuliko ulivyoondoka na watu wanakwambia eti umenawiri.

Safari hii niliomba mapema, bosi hajajaza ratiba. Michango ya harusi nikatoa kabisa kisha nikaaga kwenye magrupu, simu kubwa nikamwachia mdogo wangu nikabaki na kitochi, namba ya hicho kitochi anayo mama tu. Kazini kesi zangu zote nikamwandikia mwenzangu moja moja imefikia wapi, maana usipokabidhi vizuri utapigiwa tu. Sheria hiyohiyo inasema mwajiri asikufanyishe kazi ukiwa likizo lakini nani ataenda kushtaki kwa ajili ya simu ya dakika mbili.

Nikapanda basi Mbezi hapa Dar, nikashuka Mombo na joto lake, kutoka pale ni kama kilomita 33 za kona na mlima unapita Soni mpaka Lushoto, na Julai kule unavaa sweta mchana. Shangazi yangu analima karoti na kabichi huko.

Siku za mwanzo zilikua mbaya. Nililala mpaka kichwa kinauma, mkono unaenda mfukoni kutafuta simu ambayo haipo, roho inanisuta kwamba wenzangu wanabeba mzigo wangu. Nadhani ndo maana vilikizo vya siku mbili tatu havinisaidiagi, vinaisha bado hujaacha kusikia mlio wa simu kichwani.

Shangazi akaniangalia weee, asubuhi moja baada ya shikamoo akaniambia, "Kulala kumetosha mwanangu, vaa mabuti."

Karoti ina namna yake. Unashika majani chini kabisa, unatikisa kidogo, ndo unavuta, ukivuta kwa hasira unabaki na majani mkononi karoti yenyewe imebaki ardhini inakucheka. Kuosha ndo kazi, maji ya kule vidole vinakufa ganzi. Ila nilichopenda jioni kazi imekwisha na unaona imekwisha, magunia yamepangwa, wakati kule kwangu ukimaliza simu moja zingine ziko kwenye foleni.

Sasa akaja dalali. Anataka lumbesa, gunia lijazwe mpaka juu lishonewe kilemba halafu bei ileile ya gunia moja. Wanajua wote gunia halitakiwi kuzidi kilo 100 lakini mkulima karoti zake zishaoshwa, atafanyaje? Shangazi kapaniki, dalali anafoka, na mimi nikajikuta naongea ile sauti ya kazini, nakuelewa kaka, naomba nikuulize kitu kimoja, kilemba hiki wewe sokoni unakiuza au unakitoa bure? Vijana wa kupakia wakaangua kicheko. Jamaa alizunguka weee mwisho akakubali kuongeza hela kidogo, sio nyingi, lumbesa haikufa siku ile. Ila shangazi alinitazama kama kaniona leo. Ile hasira ya watu inayonimaliza ofisini kumbe naimudu kweli, na huku kuna mtu imemfaa namuona kwa macho.

Hicho ndo kilinirudisha kuliko hata usingizi. Nilirudi Dar Ijumaa ili nifue, nipumzike na safari, Jumatatu ndo niingie kazini, sio unashuka basi usiku alfajiri uko kwenye hedseti. Nikamfuata bosi nikamwomba niwe nafundisha wageni kushughulika na mteja mwenye hasira. Alikubali nusu, siku chache za wiki nafundisha, zingine kama kawa. Mshahara haujaongezeka hata mia. Fomu ya Julai nimeshajaza, na shangazi kashapiga kuuliza naja lini, anataka niwepo siku ya dalali.